GIABOKSI HAICHAGULIWI KWA KUHESABU FARASI



Siku hizi ukipita mahali popote penye malori hapa Kisumu, iwe ni foleni ya matangi yanayongoja kupakia mafuta, iwe ni gereji, iwe ni kibanda cha chai, utasikia ugomvi ule ule. Huyu asema otomatiki ni gari la wavivu. Yule asema otomatiki ndiyo maendeleo. Naye tajiri akipita hucheka na kusema: "Mimi nimewaletea lori la farasi 460, tena lajitia gia lenyewe. Mwataka nini zaidi?"

Sisi twamjibu: twataka mambo mawili. La kwanza, tuulizwe kabla gari halijanunuliwa. La pili, tukome kulipishwa gari linapovunjika. Mambo hayo ni mawili kwa hesabu, lakini shina lake ni moja. Anayechagua giaboksi bila kumwuliza anayeitumia, kisha giaboksi ikifa akamkata mshahara yule asiyeulizwa, huyo amefanya kosa mara mbili na kulipa hata mara moja hakulipa.

Mwenzetu mmoja, dereva wa miaka mingi asiye na doa katika kazi yake, alikabidhiwa lori jipya la otomatiki lenye nguvu nyingi. Hakufundishwa. Alipewa ufunguo, akaambiwa ni rahisi kama motokaa ndogo. Akalipeleka mpakani Busia. Foleni ikawa ndefu, na gari likawa lasogea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, mchana kutwa, na tani zake zote mgongoni. Siku ya pili ikatoka harufu ya kuungua, kisha gari likakataa kwenda. Klachi imekwisha. Barua ikaja: umeharibu mali ya kampuni, utakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Hatumtaji yeye wala mwajiri wake, kwa maana mazungumzo hayajaisha. Lakini kila dereva asomaye habari hii ajua mtu mmoja aliyepatwa na mambo kama hayo, au ni yeye mwenyewe.

Basi na tulitazame jambo hili kifundi kwanza, ndipo tulitazame kwa haki. Maana mfanyakazi asiyejua chombo chake hushindwa mezani kabla hajafungua kinywa.

FARASI NI NINI?

Farasi wanaotajwa katika karatasi za kuuzia magari ni hesabu ya vitu viwili vilivyozidishwa pamoja: nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki, na wingi wa mizunguko ya injini kwa dakika. Injini moja hupata farasi wake kwa kuzunguka mbio na kusukuma kidogo. Nyingine huwapata kwa kuzunguka polepole na kusukuma sana. Hesabu ya farasi yaweza kuwa sawa, na kazi isiwe sawa hata kidogo.

Tuchukue mfano. Injini ya motokaa ya mashindano yenye farasi 460, ikiwatoa kwa mizunguko 6,500 kwa dakika, toki yake ni kama nyutoni-mita 500. Injini ya lori yenye farasi hao hao 460, ikiwatoa kwa mizunguko 1,400, toki yake ni kama nyutoni-mita 2,300. Farasi ni wale wale, lakini shafti inayoingia katika giaboksi ya lori yasokotwa kwa nguvu zaidi ya mara nne. Giaboksi inayoitosha motokaa ile ingekatika katika lori hili kabla ya kutoka getini.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Hii ni giaboksi ya farasi wengi," mwulize: toki ngapi? Gari lenye mzigo lina tani ngapi? Litapanda wapi, litateremka wapi, litasimama mara ngapi kwa siku? Meno ya gia hayajui farasi. Meno ya gia yajua toki, joto na uzito.

Na hapa pana ujanja mwingine. Wako matajiri wanaopeleka lori kwa fundi wa kompyuta ili injini iongezwe farasi. Injini yaongezwa, lakini giaboksi yabaki ile ile, na rejeta ni ile ile. Kiwanda kiliandika kiasi cha toki ambacho giaboksi yaweza kubeba, na tajiri amekivuka kwa siri. Miezi michache baadaye giaboksi yalia, na anayeitwa ofisini ni dereva.

OTOMATIKI SI MOJA

Neno hili "otomatiki" limetia watu wengi shimoni, kwa kuwa latumika kwa vitu viwili visivyo vya ukoo mmoja.

Ya kwanza ni otomatiki ya kweli. Hii haina klachi ya kukanyaga wala klachi kavu ya kuanzia safari. Kati ya injini na gia pana tokikonvata, yaani chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Injini yazungusha mafuta, na mafuta yazungusha gia. Gari likianza kuondoka chombo hiki huzidisha toki, mara nyingi karibu maradufu, tena bila kusugua chuma kwa chuma. Likishika mwendo, kifungio cha ndani hushikamana ili nguvu isipotee. Gia zabadilika bila nguvu kukatika kwenye magurudumu. Za namna hii ndizo zile za Allison wa Marekani zinazofungwa katika magari mengi ya zimamoto na magari ya taka, na zile za Voith na ZF wa Ujerumani katika mabasi ya mjini.

Ya pili ni gia za mkono zilizotiwa kompyuta. Ndani ni meno na klachi kavu kama za kawaida, mara nyingi gia 12, ila anayekanyaga klachi na kuvuta gia si mguu na mkono wako bali ni hewa na kompyuta. Za jamii hii ni Opticruise ya Scania, PowerShift ya Mercedes-Benz, na I-Shift ya Volvo iliyotoka mwaka 2001. Ni chombo kizuri sana kwa safari ndefu. Hula dizeli kidogo, ni nyepesi, na hukosea gia mara chache kuliko mtu aliyechoka. Lakini klachi yake ni klachi, na klachi ikisuguliwa huungua, haijali kama aliyeisugua ni mguu wa mtu au ni kompyuta.

Basi mmeona kilichompata mwenzetu wa Busia? Aliambiwa "otomatiki," naye akaamini ni ile ya mafuta, inayoweza kutambaa kutwa bila kuumia. Kumbe chini ya miguu yake palikuwa na klachi kavu. Kila aliposogea hatua mbili, kompyuta iliiteleza klachi ili gari lisonge taratibu. Mara mia, mara mia mbili, katika jua la mpakani. Hata dereva aliyezaliwa ndani ya lori angeiunguza kama hakuelezwa. Dawa yake ilikuwapo: kungoja mpaka nafasi iwe kubwa mbele, kusogea mara moja katika gia ya chini kabisa na klachi imeshika, kisha kusimama kwa breki, na kamwe kutolizuia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta. Mtu wa kumwambia maneno hayo hakuwapo, kwa kuwa tajiri aliona mafunzo ya siku mbili ni hasara.

NJIA ZETU ZASEMAJE?

Chombo huchaguliwa kwa kazi yake. Hapa kwetu kando ya ziwa kazi si moja, na kila kazi ina neno lake.

Kazi ya kwanza ni matangi na makontena. Tangu bomba la mafuta lilipofika Kisumu mwaka 1994, mji huu umekuwa mji wa matangi. Malori yapakia hapa na kupanda kwa Kisian, Maseno, Luanda, Ugunja hadi Busia na Uganda. Mengine yaelekea Kericho na Nakuru. Kwa safari hii ndefu gia za kompyuta zafaa, hatukatai. Lakini zafaa kwa masharti. Kama gari litakaa katika foleni ya mpakani, litafutiwe giaboksi yenye gia za kutambaa. Volvo walianza kuzitia katika I-Shift mwaka 2016, na kwa gia hizo lori laweza kusonga chini ya mwendo wa mtu atembeaye bila kusugua klachi. Kama tajiri hawezi kununua hiyo, basi awafundishe watu wake, na asitume barua ya makato.

Kazi ya pili ni miwa. Anayejua udongo mweusi wa Kano wakati wa masika, kutoka Miwani hadi Chemelil na Muhoroni, ajua kwamba gari lililojaa miwa likipoteza nguvu kwa nukta moja tu, limekwama. Gia za kompyuta hukata nguvu kila zinapobadilika. Katika lami hutambui. Katika matope ya shambani nukta ile moja yatosha kuyazamisha magurudumu. Dereva mzuri hapo huishika gia moja kwa mkono asiiache kompyuta ibadilishe, au apewe otomatiki ya mafuta ambayo haikati nguvu. Lakini tumeona malori yaliyotumika Ulaya katika barabara tambarare, yenye difu ya mbio, yakiletwa moja kwa moja shambani kwa sababu tu karatasi yasema farasi wengi. Difu ya mbio na mzigo wa miwa matopeni ni ndoa ya ugomvi. Injini ina nguvu, giaboksi ni nzima, lakini vyote viwili vyalia kwa kuwa hesabu ya difu si ya kazi hiyo.

Kazi ya tatu ni zimamoto. Katika kiwanja cha ndege, sheria za kimataifa zataka gari la moto lifike mwisho wa njia ya ndege kwa dakika zisizozidi tatu. Gari limejaa maja na povu, limesimama, na ghafula lapaswa kuruka kama swala. Hapo hapana ubishi: otomatiki ya mafuta ndiyo yake, kwa kuwa yaondoka kwa nguvu zote bila kutafuta gia, na macho ya dereva yabaki mbele. Hapo tajiri akileta ya rahisi ati ni "otomatiki vile vile," anacheza na roho za watu.

MTEREMKO NDIO HAKIMU

Watu husifu gari kwa kupanda. Sisi twasema gari hupimwa kwa kuteremka.

Tazameni njia ya Kericho. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya bahari. Ahero haifiki mita 1,200. Lori la tani 50 likishuka kutoka juu hadi uwanda wa Kano limeanguka zaidi ya mita 800, japo limeanguka taratibu juu ya magurudumu. Nguvu ya anguko hilo, ingegeuka yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha mapipa sita ya maji ya ziwa, kila pipa lita 200. Sehemu yachukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki lazima iende mahali. Ikienda yote kwenye breki, breki hupata moto mpaka zikaacha kushika, na hapo dereva hana la kufanya ila kumwita Mungu.

Ndiyo maana gari kubwa lapaswa kuwa na mzuiaji mwingine mbali na breki za magurudumu: breki ya injini, na ritada katika giaboksi, ambayo huyazuia magurudumu kwa mafuta na kulipeleka joto kwenye rejeta. Ritada ni nyongeza ya bei. Na kwa kuwa ni nyongeza ya bei, ndicho kitu cha kwanza ambacho tajiri hukifuta katika orodha. Huacha farasi 460 wa kupandia na kufuta kile cha kuteremkia! Huyo ni kama mtu anunuaye punda mwenye nguvu kisha akabana pesa ya kamba.

Tena kuwa na ritada peke yake hakutoshi. Joto lake huingia katika maji ya injini. Rejeta ikiwa imeziba, au injini ikizunguka polepole mno kwa kuwa dereva hakushuka gia, maji hupata moto na kompyuta hupunguza nguvu ya ritada pale pale mlimani. Dereva lazima ashuke gia mapema, kabla ya mteremko, aizuie kompyuta isipande gia, na asiweke gari fri hata siku moja. Mambo haya hayaji kwa kubahatisha. Hufundishwa.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kwenye barabara hii hii iunganishayo Nakuru na Kericho, lori lilitoka njiani likaingia penye magari na wachuuzi, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hatusemi giaboksi ndiyo iliyoua siku ile. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Twasema hivi: anayeijua miteremko ya nchi hii, kisha akabishana juu ya bei ya ritada, ameweka thamani ya mama wachuuzi wa kando ya njia chini ya thamani ya kipande cha chuma.

KWENU NYINYI WENZETU WENYE KIBURI

Sasa twageuka upande wetu, maana si haki kumsema tajiri tu na kujisahau.

Wako madereva wenzetu wanaosema, "Otomatiki si gari la mwanamume." Tuwaulize: uanaume uko katika goti la kushoto? Mafundi wa Marekani walitoa motokaa za kwanza za otomatiki kwa wingi mwaka 1939, zikiitwa Hydra-Matic, na muda si mrefu giaboksi hizo zikafungwa katika vifaru vyepesi vya vita. Askari wa kifaru si mvivu. Alipewa otomatiki ili mikono na macho yake yafanye kazi nyingine. Na kwa habari ya wanawake, dada zetu wanaoendesha malori ni wafanyakazi, ni wanachama, na kuwafanya tusi ni aibu ya chama kizima.

Wengine hawana kiburi, wana hofu. Wasema: "Gari likijitia gia lenyewe, tajiri ataajiri mtoto yeyote kwa nusu ya mshahara." Hofu hii ina sababu, kwa kuwa wako matajiri wasemao hivyo hasa. Lakini dawa ya hofu si kukataa chombo. Waliokataa chombo hawakukizuia, walikiacha kikaja bila masharti. Dawa ni kuonyesha ukweli, na ukweli ni huu: kompyuta haioni mteremko ulio mbele kama dereva aujuavyo. Haijui kwamba daraja lile lina matope. Haijui kwamba mbele ya soko la Ahero watu huvuka ovyo siku ya soko. Gia zimeondolewa mkononi; ujuzi haukuondolewa kichwani. Ujuzi umebadilika, na ujuzi uliobadilika hulipwa, haupunguzwi.

Na mafundi nao vivyo hivyo. Giaboksi hizi zataka kompyuta ya kupimia na mafuta ya aina yake hasa. Mafuta yakichanganywa ovyo, au yakikaa na joto jingi muda mrefu, hufa, na giaboksi hufa pamoja nayo. Tajiri asiyenunua kompyuta ya kupimia wala kumpeleka fundi wake shuleni hana haki ya kumwita fundi huyo mjinga.

KWENU NYINYI MATAJIRI

Mwasema gari ni lenu, na mwenye mali ndiye achaguaye. Kweli gari ni lenu. Lakini mgongo ulio juu ya kiti si wenu, wala familia ingojayo nyumbani si yenu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ninyi hamkulala katika kitanda hiki. Tuulizeni sisi.

Mwasema kuuliza kwachelewesha kazi. Je, klachi iliyoungua haichelewesha? Lori lililolala Busia siku kumi likingoja spea halina faida kwa yeyote. Dereva na fundi mngewaita kwa saa moja kabla ya kununua, wangewaambia foleni ni ndefu, mteremko ni mkali, udongo ni mweusi. Saa moja ile ingewaokolea siku kumi.

Na mwasema dereva aharibuye alipe. Haya, tuifungue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika pale ambapo mfanyakazi alikosa kwa kukusudia. Kwa kukusudia! Si kwa kutofundishwa, si kwa kupewa chombo kisichofaa kazi, si kwa klachi iliyokwisha maisha yake. Tena makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwenye kazi atoe maelezo na mafunzo ili watu wafanye kazi salama. Basi aliyevunja sheria ni nani: aliyeunguza klachi bila kujua, au aliyempa gari bila kumfundisha?

Nanyi wanachama, jueni haki nyingine mbili. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo yataka iwepo kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe ndani yake. Na mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, apaswa kuiripoti kwa mkubwa wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha hatarini kabla hajairekebisha. Ritada isiyoshika kabla ya mteremko wa Kericho ni hatari ya namna hiyo. Iripoti kwa maandishi, weka nakala. Neno la mdomo hupeperuka, karatasi hubaki.

MASWALI SABA

Kila tawi liyachukue maswali haya, liyapeleke kwa mwajiri kabla ya gari jipya kununuliwa, na majibu yaandikwe:

1. Injini hii ina toki ngapi, na giaboksi hii yabeba toki ngapi? Injini imeongezwa farasi?

2. Hii ni otomatiki ya mafuta au ni klachi ya kompyuta? Kama ni klachi, ina gia za kutambaa?

3. Gari lina ritada? Kama halina, litateremka vipi na mzigo wake?

4. Mafuta ya giaboksi yapozwa na nini, na rejeta yatosha kwa joto la Kisumu?

5. Difu ni ya mlima na mzigo, au ni ya mbio za tambarare?

6. Mafuta ya aina yake, spea na kompyuta ya kupimia vitapatikana wapi, na nani atavilipia?

7. Dereva na fundi watafundishwa siku ngapi, na siku hizo zitalipwa kama siku za kazi?

Mwajiri asiyeweza kujibu maswali saba hajawa tayari kununua lori. Na akinunua bila kujibu, basi giaboksi ikivunjika, deni ni lake.

Ndugu, hatupigani na chombo. Chombo kizuri ni rafiki wa mfanyakazi. Champunguzia maumivu ya goti na mgongo, na kumpa macho ya kutazama njia. Twapigana na ile desturi ya zamani ya tajiri kuchagua peke yake na mfanyakazi kulipa peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema Waswahili. Mwenye kukata mshahara haoni uzito wake. Sisi ndio tunaoubeba, nasi ndio tutakaouweka chini.

Mkutano wa tawi ukifika, njooni na barua zenu za makato, kila mtu na yake. Barua moja ni malalamiko ya mtu. Barua ishirini juu ya meza moja ni jambo ambalo mwajiri hatalicheka.

Umoja ni nguvu.

Dereva Mwanachama,
Tawi la Kisumu